Msaada wa haraka: "hematofajia" kwa Kiswahili tuseme nini?

Mfasiri_Moshi: Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nafasiri kijitabu cha wafugaji, na neno moja limenikwamisha: hematofajia, yaani kuishi kwa kula damu. Humo wamo kupe, mbung'o, kunguni, viroboto, ruba, hadi popo wa Amerika ya Kusini. Nataka neno moja zito la kuwaita wote. Naelekea "mumiani". Kesho asubuhi natakiwa kutoa jibu.

Mzee_wa_Majengo: Hilo la kwanza ni Kigiriki: haima ni damu, phagein ni kula. Mumiani halihusiani nalo. Limetoka Uajemi, mumiyai, na mzizi wake mum ni nta. Ilikuwa dawa nyeusi mfano wa lami, ya kupaka mifupa iliyovunjika au kuyeyushwa kwenye samli na kunywewa. Ulaya neno hilohilo lilipita kwa Waarabu likaishia kwenye maiti zilizokaushwa za Misri. Pwani yetu watu waliamini dawa ile ni damu ya binadamu iliyogandishwa; kamusi ya Johnson ya 1939 imeitaja imani hiyo. Baadaye mumiani akawa mtu anayekamata watu na kuwatoa damu. Kupe hajawahi kuitwa hivyo.

Ndama_Ngaramtoni: Jina litapatikana tu. Hakikisha kijitabu kinaeleza kazi. Kupe wa sikio la kahawia ndiye anayeleta ugonjwa wa ndigana kali, na akishang'ata, vimelea huchukua siku kama 3 au 4 kukomaa kwenye mate yake. Ndiyo maana ng'ombe huogeshwa mara kwa mara: kupe afe kabla hajamwaga vimelea hivyo. Dawa ikizimuliwa kupita kipimo cha lebo, kupe wanabaki hai na kuzaa kizazi sugu. Na ndani ya masikio na chini ya mkia pakwe kwa mkono, josho huwa halifiki vizuri.

Kijenge_Juu: BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo kwa kazi hii tangu 1967. Kila mfasiri akijitungia istilahi yake, mwanafunzi atashika ipi?

Dada_Rau: Mwaka huohuo wa Azimio la Arusha! Kupe, mnyonyaji na mirija vyote vilishapewa binadamu. Ukiandika "wanyonyaji" mzee wa Monduli atadhani unamsema bwanyenye 😂

Mzee_wa_Majengo: Mfasiri, kijitabu kinagawiwa wapi, na siku hiyo kuna shughuli gani? Hujasema.

Mfasiri_Moshi: Longido na Monduli. Kinagawiwa siku ya kuchukua sampuli za damu. Za ng'ombe, na za wachungaji watakaokubali. Lakini "mumiani" linavuta msomaji, na jalada limeshapangwa: "Mumiani wa Malishoni".

Ndama_Ngaramtoni: Na hilo ndilo ulilificha! Mtu ameshika sindano mkono mmoja, mkono wa pili anagawa karatasi yenye neno mumiani. Boma zima litakimbia, au huyo mchukua sampuli atapigwa. Toa hilo neno leo.

Mfasiri_Moshi: Vijana wa sasa hawaamini hayo, mkuu. Na ndani nimeeleza kwamba ni wadudu.

Ndama_Ngaramtoni: Jalada husomwa na wengi ambao hawatafungua ndani. Na kupe si mdudu: mzima ana miguu 8. Ruba ni jamaa wa mnyoo wa ardhini.

Chalii_wa_Ngarenaro: Hii ni chai. Kijitabu gani kinafika kwa mchapaji bila daktari wa mifugo kukisoma?

Mfasiri_Moshi: Amesoma cha Kiingereza. Cha Kiswahili bado. Picha ya ukurasa wa 3 ni kupe mwenye miguu 6, sijui kama nayo imekosewa.

Chalii_wa_Ngarenaro: Umeona! Ametunga, hata miguu hajui kuhesabu.

Ndama_Ngaramtoni: Hapana, hapo ana ukweli. Kupe akitoka kwenye yai huwa na miguu 6, jozi ya nne huja akijibadili ngozi mara ya kwanza. Mtunga chai asingejua kuweka picha hiyo. Iandikwe chini yake "kupe mchanga".

Mzee_wa_Majengo: Tumia "viumbe wafyonza damu". Kufyonza kunamtosha mbu mwenye mrija na kupe anayechana ngozi, akajigandisha kwa gundi yake, akanywa damu inayojaa kidondani. Popo yule hulamba, mwache nje, Longido hayupo.

Mfasiri_Moshi: Jalada nitabadilisha. Ila kwenye faharasa ya mwisho mumiani libaki, na asili yake.

Ndama_Ngaramtoni: Hata huko litoe. Nafasi hiyo andika damu kiasi gani inachukuliwa: kama ni mililita 5, sema kijiko kimoja cha chai. Andika inapelekwa maabara ipi, majibu yanarudi lini, na mfugaji anampigia nani.