Naomba ushauri: lenzi pana ya kupigia Mapango ya Amboni

Wakuu, habari za Tanga. Natumia kamera ya Canon 700D na lenzi yake ya 18-55mm. Juzi ndani ya Amboni nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mwamba, bado chumba hakikuenea kwenye picha. Kwa sensa hii ndogo (kipande cha kamera kinachopokea mwanga), 18mm inaonekana kama 29mm kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame), yaani si pana sana.

Nimebaki na mbili: Canon 10-18mm, nyepesi, ina kituliza mtikisiko, ila tundu lake la mwanga linaanzia f/4.5, au Tokina 11-16mm ya f/2.8, inayopitisha mwanga zaidi ila haina kituliza. Stendi ninayo, lakini wageni wanapita gizani, mtu akijikwaa lawama zangu.

Tokina niliyoipata ni ya mtumba, na kwa unyevu wa pwani naogopa fangasi kwenye vioo. Naikaguaje kabla sijatoa hela?