Dar hadi Kitulo kwa RAV4 mwezi Februari: njia ipi, na siku saba zinatosha?

Mbuyuni_Kwetu
Habari za majukumu wakuu. Tunapanga safari ya siku saba wiki ya mwisho ya Februari tukitokea Dar. Mikumi tunapita tu. Tunataka Udzungwa, halafu Iringa, tupande hifadhi ya Kitulo kuona maua, tushukie Mbeya na siku ya saba tugeuze kurudi Dar. Gari ni RAV4 ya 2004, otomatiki, 4x4 ya muda wote, matairi yamefika nusu. Tuko wanne, akiwemo mama wa miaka 64. Anatembea vizuri ila si mtu wa kukwea milima.

Ninachotaka kujua: kupanda Kitulo nipitie Chimala, Isyonje au Makete? Gari hili linafika au nikodi lingine? Na mlima wa Kitonga kabla ya Iringa, kuna la kuogopa?

Kona_ya_Ipogolo
Mkuu, kabla ya njia angalia kwanza hesabu ya siku, maana hapo ndipo mpango wako unapovunjika. Mbeya hadi Dar ni kama kilomita 830 za lori mbele na lori nyuma, vijiji vya 50 kwa saa na tochi za trafiki za kupima mwendo kila baada ya muda. Ukisema utazimaliza siku moja, saa mbili za mwisho utakuwa unaendesha gizani, umechoka, na huenda ukaikuta hifadhi ya Mikumi usiku. Futa Mbeya.

Fanya hivi. Siku ya kwanza Dar–Morogoro (190), Morogoro–Mikumi mjini (120), hapo unakata kushoto kama unaenda Ifakara, kilomita 60 hivi unafika Mang'ula kwenye lango la Udzungwa. Siku ya pili ni ya msituni. Ya tatu rudi Mikumi, panda Kitonga, lala Iringa. Usisahau kwamba Iringa mjini haiko kwenye barabara kuu: unakata pale Ipogolo na kupanda kilimani. Ya nne Iringa–Mafinga–Makambako–Njombe–Makete, kama kilomita 330, lami mwanzo mwisho. Ya tano ni ya Kitulo, unatoka Makete alfajiri na kurudi kulala hapo hapo. Ya sita Makete–Iringa, ya saba Iringa–Dar, kama 500.

Unarudia njia moja, ndiyo. Lakini kipande cha Njombe–Makete hakichoshi hata ukikipita mara mbili. Ni mgongo wa milima mwanzo mwisho, misonobari, mashamba ya viazi na ngano, kona juu ya kona. Zamani kilikuwa tope la kulaza mabasi njiani. Lami ndiyo iliyobadilisha hesabu yote ya Kitulo, ila watu wengi bado wanapeana ushauri wa enzi za Chimala.

Hamsini_na_Saba
Na mimi nitetee Chimala, maana mwenzangu kaipita kama haipo. Kutoka Chimala, kilomita 78 kabla ya Mbeya, barabara inapanda ukingo wa bonde hadi Matamba kwa kona zinazoitwa hamsini na saba, na jina linatokana na hesabu ya kona zenyewe. Hakuna njia nyingine ya kwenda Kitulo yenye mandhari kama ile: bonde la Usangu lote linabaki chini yako. Ofisi ya hifadhi nayo iko Matamba, kwa hiyo unaulizia hali ya barabara za juu kabla hujaingia.

Ila kwa Februari na RAV4, hapana. Gari lako halina gia ndogo za mlima, na kona zile ni za mawe na changarawe iliyolegea. Mvua ikinyesha, maji huchimba mfereji upande wa ndani wa kona, na hapo ndipo gari lililo chini hukalia tumbo. Ukikutana na Fuso linashuka, mmoja lazima arudi nyuma, na mara nyingi anayerudi ni mwenye gari dogo. Kiungwana anayepanda apishwe, lakini usitegemee. Piga honi kabla ya kila kona iliyofungwa. Njoo Septemba au Oktoba ukitaka Chimala, ingawa maua hutayakuta.

Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya–Tukuyu, ni njia nzuri ukitokea Mbeya, lakini lami haijafika kote na udongo wa huko ukilowa unateleza kama sabuni. Kwa mpango wa siku saba haikusaidii.

Fundi_Breki
Kuhusu gari. RAV4 hiyo inafika Makete bila shida, na uwandani inafika ukiwa na busara. Kinachoangusha watu Kitonga si uimara wa gari, ni joto na breki.

Kupanda: unatoka bonde la Ruaha Mbuyuni ambalo ni tanuri, unaanza mlima nyuma ya semi linalotambaa. Upepo wa kupooza rejeta hakuna, injini inafanya kazi nzito, gari linachemsha. Kabla ya kutoka Dar kagua mfuniko wa rejeta (mpira ukipasuka, mfumo haushiki presha na maji yanachemka mapema), feni zote mbili ziwake, na ndani kuwe na kulanti, si maji ya bomba matupu. Mlimani zima kiyoyozi, bonyeza O/D (gia ya juu kabisa) izimike. Sindano ya joto ikianza kupanda, washa hita ya ndani hadi mwisho na ufungue vioo. Ni mateso ya dakika kumi lakini hita ni rejeta ya pili. Ikiendelea kupanda simama pembeni palipo na nafasi, si kwenye kona, na mfuniko usiuguse mpaka bomba la juu liwe la kushikika kwa mkono.

Kushuka, yaani siku unarudi Dar: weka 2 kabla ya mteremko kuanza. Injini ipige kelele, ndiyo kazi yake. Breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, kanyaga tena. Ukiikalia kwa mguu mwepesi muda wote diski hazipati nafasi ya kupoa, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hasa kwa gari la pwani, na yakishanyonya huchemka kwa joto dogo zaidi. Kama hujui yalibadilishwa lini, badilisha. Ukisikia harufu ya kuungua simama upoze, na usimwagie maji diski zenye moto, zitapinda.

Matairi: watu hujaza upepo Dar halafu wanababaika milimani. Kitulo uwanda uko kama mita 2,600. Hewa ya nje ni nyepesi kule, hivyo kipimo kinapanda kama psi 4, lakini ukitoka nyuzi 30 za Dar ukaamka kwenye nyuzi 8, baridi inakula karibu psi 3 na nusu. Vinakaribia kufutana. Weka upepo wa kawaida na uuache. Kwenye tope shusha hadi 24 au 25, na uwe na pampu ya kuchomeka kwenye soketi ya gari, kwani ukirudi lamini na upepo huo kona za Makete utaziona chungu.

Nguvu ya injini itapungua karibu robo kule juu. Usidhani gari limeharibika. Usilazimishe kuovateki kwa mahesabu ya Dar.

Chikanda
Upande wa maua. Msimu ni Desemba hadi Aprili na mvua za nyanda za juu ni Novemba hadi Aprili, kwa hiyo maua na tope huja pamoja. Februari mwishoni umechagua vizuri. Kitulo ilitangazwa hifadhi 2005, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kuna okidi aina zaidi ya 40. Wengi wanaokatishwa tamaa ni wale wanaopita na gari wakitazama dirishani: kwa mbali unaona majani tu. Shuka, tembea mita mia mbili, inama. Okidi nyingi za pale zinaishia gotini, zingine kifundoni, zimejificha kwenye nyasi. Toka mapema, ukungu na mvua hupenda kuja mchana. Mama yenu atafurahi kule kwa sababu uwanda ni tambarare, ila kwa mita 2,600 pumzi hukata haraka, atembee polepole na awe na koti zito.

Usichume wala kung'oa kitu. Viazi vya okidi ndivyo vinavyopikwa chakula kiitwacho chikanda na kuuzwa hadi Zambia, na uchimbaji huo ni moja ya sababu eneo lile likalindwa.

Chakula beba kilichoiva. Maji kule huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, na maharage yatawakalisha jikoni hadi jioni. Mafuta jaza Njombe, mkifika Makete ongezeni. Juu uwandani msitegemee kituo.

Udzungwa haina barabara ndani, ni miguu tu na mwongozaji wa hifadhi. Maporomoko ya Sanje yana anguko la mita 170 na ni safari ya nusu siku, ngazi na mizizi inayoteleza. Kwa mama chagueni njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na lango la Mang'ula. Mnaweza kugawana: watatu Sanje, yeye na mwongozaji mwingine njia fupi. Mbega mwekundu wa Iringa anaonekana hata huku chini.

Mbuyuni_Kwetu
Nimewaelewa wakuu, Mbeya nimeifuta. Malipo getini ni taslimu? Na kupita Mikumi kwa barabara kuu kunalipiwa?

Kona_ya_Ipogolo
Taslimu hawapokei. Unapewa namba ya kumbukumbu, unalipia kwa simu, benki au kadi. Kila mmoja awe na kitambulisho cha NIDA, bila hicho bei ya raia huipati. Kabla ya kutoka Mang'ula hakikisheni kwenye simu kuna salio la kutosha hata la Kitulo, na ulizeni mapema namba ya malipo ya Kitulo mkiwa Njombe penye mtandao mzuri.

Kupita Mikumi kwenye lami hakulipiwi, ni kama kilomita 50 ndani ya hifadhi. Mwisho 70 mchana, usiku chini ya hapo, na mabango yanaonyesha faini ya kila mnyama ukimgonga. Pita kabla ya saa kumi na moja jioni. Msisimame kupiga picha kwenye kona, lori la nyuma halina breki za kukusubiri, na nyani msiwape ndizi.

Jambo la mwisho kwa barabara yote: ukiona matawi mabichi yametupwa lamini, kuna gari limeharibika mbele, mara nyingi kwenye kona. Punguza hapo hapo. Na lori likikuwashia indiketa ya kushoto maana yake anakuambia pita, ya kulia usithubutu. Ya kulia itii. Ya kushoto thibitisha kwa macho yako mwenyewe, kuna wengine wanawasha kwa sababu wanataka kuegesha.