Mrejesho: nywele za mama zilizounguzwa na dawa

Wakuu, mtakumbuka niliomba ushauri: mama aliwekwa dawa ya kulainisha nywele saluni hapa Moshi, ikakaa kichwani muda mrefu mno, akatoka vidonda na nywele za utosini zikang'oka.

Mlioniambia niache kumpaka maji ya kitunguu, asanteni. Kidonda kilikuwa kinamuwaka kama pilipili, na mimi nadhani namtibu!

Tulikwenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC. Daktari alieleza kwamba penye vinyweleo vizima nywele zitarudi, ila palipogeuka kovu, laini linalong'aa, hazioti tena. Mama akapewa dawa ya kupaka. Rasta na pasi marufuku.

Sasa ni mwezi wa tano tangu aungue. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ni subira tu. Jumapili nikimuosha uani kwa maji ya vuguvugu, vijinywele vilinichoma kiganja kama brashi mpya. Nyuma ya sikio la kushoto pamebaki upara wa ukubwa wa sarafu, hapo tumeshakubali.

Kilemba bado havui kanisani. Ila juzi alikisahau, akafika dukani kichwa wazi, akanunua sukari yake akarudi polepole.