Jina "Barghash" kwa mtoto wa kiume: asili, maana na namna ya kuliandika

Binti_Mkunazini:
Assalaam alaykum wakuu. Bibi mzaa baba amependekeza jina Barghash kwa mtoto wa kiume anayetarajiwa. Mitandaoni kila tovuti ina lake: moja inasema maana yake ni "mfalme", nyingine "shujaa", ya tatu "mwenye rangi nyingi". Hakuna hata moja inayosema imetoa wapi. Wajuzi naomba msaada: asili yake hasa ni nini, lina kasoro yoyote kidini, bado watu wanaitwa hivyo, na kwenye cheti liandikwe vipi?

Kamusi_Kuukuu:
Waalaykum salaam. Hizo tovuti tatu zitupe kando. "Mfalme" wamemchukua Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar wa karne ya 19, wakageuza cheo chake kuwa maana ya jina.

Ni Kiarabu, herufi nne: ba, ra, ghaini, shini (برغش). Kwenye kamusi *barghash* ni wadudu wadogo warukao, jamii ya mbu, na kwa Kiswahili chetu hao ni usubi. Ndiyo, wale wale wanaokusumbua masikioni jioni ukikaa karibu na mikoko. Kwa Kiarabu cha leo, hasa upande wa Shamu (Syria na jirani zake), neno bado linatumika kwa maana hiyo hiyo.

Ila usiishie hapo. Kuna kitenzi cha herufi hizo hizo, *ibraghashsha*, nacho ni kupata nafuu: mgonjwa aliyelala akainuka na kuanza kutembea. Kimo katika kamusi za zamani, na hutajwa pamoja na ndugu yake *itraghashsha*, maana moja. Kwa hiyo anayetaka kumwombea mtoto afya ana pa kushika, japo jina lenyewe kwa umbo lake linalingana moja kwa moja na lile la usubi. Nisingemdanganya bibi kwamba maana ya pili ndiyo pekee.

Hiyo ya "rangi nyingi" imetokana na kuchanganya ghaini na qafu. Neno la madoadoa na rangi rangi ni *barqasha*, kwa qafu, mzizi mwingine kabisa. Aliyeandika tovuti ameliona jina kwa herufi za Kilatini tu, akabahatisha.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, angalia mpangilio wa kamusi kabla ya kufungua. Lisan al-Arab ya Ibn Manzur na Qamus ya Fairuzabadi zimepangwa kwa herufi ya mwisho ya mzizi, kwa hiyo nenda mlango wa shini, kisha fasili ya ba. Watu wengi hutafuta kwenye ba, wakikosa wanatangaza kwamba "neno halimo katika Kiarabu". Kamusi za kisasa hupangwa kwa herufi ya kwanza: ba, halafu ra, halafu ghaini.

Pwani_Tulivu:
Sasa mzazi na akili zake anamwitaje mwanawe usubi?

Kamusi_Kuukuu:
Waarabu wa kale hawakuona ajabu. Ibn Duraid, mwanalugha wa asili ya Azd wa Oman, aliyezaliwa Basra mwaka 837 na kuishi Oman miaka kadhaa, aliandika kitabu kizima juu ya chimbuko la majina ya Waarabu na akaanza na swali hilo hilo. Jibu alilonukuu ni maarufu: wana wetu tunawapa majina kwa ajili ya adui zetu, na watumwa wetu kwa ajili yetu wenyewe. Ndiyo maana mwana wa ukoo aliitwa mbwa, mbwa mwitu au mwamba, na mtumwa akaitwa Faraji au Mabruk. Anaeleza pia kwamba baba alitoka nje mkewe akiwa na uchungu, na kitu cha kwanza kukutana nacho, awe mbweha, kenge au sungura, kikawa jina la mtoto.

Wadudu nao wamo. Sahaba Abu Dharr al-Ghifari jina lake hasa ni Jundub bin Junada. *Jundub* ni aina ya panzi, na *dharr* ni sisimizi wadogo kabisa. Sijawahi kumsikia mtu akimdharau Abu Dharr kwa hilo.

Na sisi wenyewe tuna Mashaka, Taabu, Shida, na Mtumwa wa pwani, majina aliyopewa mtoto ili baya lisimtamani. Kwa hiyo tusijifanye wageni.

Ustadh_wa_Jioni:
Kidini: jina linalokatazwa ni lile lenye kumfanya mtu mja wa asiyekuwa Mwenyezi Mungu, au linalobeba sifa inayomhusu Yeye peke yake. Jina lenye maana mbaya linachukiza, na ni suna kulibadili. Mtume (s.a.w.) alimbadilishia jina mwanamke aliyeitwa Asiya kwa herufi ya aini na saad, yaani mwasi, akamwita Jamila. (Asiya mke wa Firauni ni tahajia nyingine, akina mama msishtuke.) Alimtaka pia Hazn, yaani ugumu, ajiite Sahl. Yule akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake Said bin al-Musayyib akasema ugumu ule ulibaki katika familia yao.

Barghash haliingii kwenye katazo. Jina la mdudu si ushirikina wala si uasi. Kama mtu anatilia shaka uzuri wake, hiyo ni hoja ya ladha. Muda nao usiwabane: siku ya saba ndiyo ya kuchinja akika, kunyoa na kutaja jina, na mtoto wa kiume huchinjiwa mbuzi wawili kwa mwenye uwezo. Lakini jina linaweza kutajwa hata siku aliyozaliwa.

Forodhani_83:
Kuhusu kutumika. Unguja jina hili halikutokana na kamusi, limetokana na mtu mmoja: Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia Oktoba 1870 hadi alipofariki Machi 1888. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake Majid, akisaidiwa na dada zake Khole na Salme, akashindwa na kupelekwa Bombay. Aliporudi na hatimaye kushika kiti, ndiye aliyeleta maji ya mabomba mjini kutoka chemchemi za nje ya mji, akaanzisha matbaa ya vitabu vya madhehebu ya Kiibadhi, akanunua meli za moshi, akajenga kasri la Marhubi, na Beit al-Ajaib iliyokamilika 1883. Pia ndiye aliyetia saini mkataba wa Juni 1873 wa kufunga masoko ya watumwa. Hakuutia kwa hiari. Waingereza walitishia kuizingira Zanzibar kwa manowari. Mtoto atakayeitwa Barghash ataulizwa habari hizi shuleni maisha yake yote, bora wazazi wazijue zote, tamu na chungu.

Angalia ndugu zake uone lipi limebaki: Majid, Khalid, Ali na Hilal yako kila mtaa. Thuwaini, Turki na Barghash ni adimu. Nadhani sababu iko wazi. Khalid lina sahaba nyuma yake, Majid lina sifa tukufu, Ali halihitaji maelezo. Barghash halina sahaba wala aya, lina mfalme tu, na baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la kifalme halikuwa la kukimbiliwa. Leo ukilisikia Zanzibar, mara nyingi ni jina la babu lililorithiwa. Oman na Ghuba bado lipo, kama jina la mtu na la ukoo.

Mezani_kwa_Msajili:
Nije kwenye cheti, maana hapa ndipo watu wanapoumia baadaye.

Andika Barghash, na "gh". Usiandike Bargash, Barghashi wala Baraghash. Ghaini ipo katika Kiswahili (ghali, ghafla, lugha), kwa hiyo huna sababu ya kuitoa. Kwa matamshi ya Kiarabu mkazo uko mwanzoni, BAR-ghash. Waswahili wataongeza "i" na mkazo utahamia katikati, bar-GHA-shi. Hilo huwezi kulizuia, lakini "i" hiyo isiingie kwenye karatasi.

Pili, nafasi ya jina. Kwa mpangilio wetu wa majina matatu, la kwanza ni la mtoto, la pili la baba, la tatu la babu au ukoo. Wapo wanaoogopa jina na kulificha katikati: "Salim Barghash Hamad". Kila ofisi itasoma kwamba baba yake anaitwa Barghash, na siku ya kuomba kitambulisho cha taifa majina ya baba hayatalingana. Liwe la kwanza au lisiwepo.

Tatu, kosa halianzi kwenye cheti kila mara. Huanza kwenye karatasi ya hospitali, muuguzi anapoandika kwa kusikia. Mwandikieni jina kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi, na msome neno kwa neno kabla ya kuondoka. Karatasi hiyo ndiyo inayokwenda kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa Zanzibar, au RITA kwa bara. Baadaye shule ikimwandikisha mtihani kama "Bargash", cheti cha mtihani kitatoka hivyo, na hapo mnaingia kwenye viapo kwa wakili na hati ya kubadili jina. Kwa walio Kenya, sheria inaruhusu mzazi kuandikisha jina lililobadilishwa ndani ya miaka 2 tangu usajili, kwa ada. Mkijutia, msisubiri.

Pwani_Tulivu:
Mmesahau jambo moja. Watoto wa siku hizi watamwita Baga, na chipsi juu yake.

Binti_Mkunazini:
Hahaa, hilo baba yake kashalisema. Shukrani nyote. Swali la mwisho kwa Kamusi_Kuukuu: kama tukitaka ile maana ya kupona iwe wazi bila ubishi, kuna jina la karibu?

Kamusi_Kuukuu:
Kwa mzizi huo huo, hakuna jina la mtu linalotumika. Kwa maana hiyo mna Muafa, aliyepewa afya, au Shafi, mponyaji, ingawa kwa hilo la pili wengi hupendelea Abdul-Shafi. Lakini kama shabaha ni kumridhisha bibi, hayo hayatamfaa. Bibi anamtaja mtu, hataji maana. Muulizeni kwanza ni Barghash yupi: yule wa Beit al-Ajaib, au babu fulani wa ukoo ambaye nyinyi hamjaelezwa. Ikiwa ni babu, mwombeni na jina kamili la baba yake mliandike mahali.

Binti_Mkunazini:
Nimempigia sasa hivi. Ni babu yake mzaa mama, baharia wa majahazi. Kumbe Sayyid hahusiki kabisa.