Tupeane uzoefu: kuwasilisha na kuhakiki miradi ya tovuti darasani

Ndugu walimu na wanafunzi, naomba tupeane uzoefu kuhusu siku ya kuwasilisha miradi ya tovuti, hasa kipindi cha uhakiki. Naanza mimi ninayefundisha. Darasani kwangu mwenye mradi haelezi chochote mwanzoni: mwenzake hupewa simu na kazi moja tu, kwa mfano kutafuta saa za kufunguliwa maktaba, kisha sote tunatazama kidole chake kinaelekea wapi. Muhula uliopita kidole kiligonga tena na tena picha kubwa ya juu iliyofanana na kitufe, ilhali kitufe chenyewe kilikuwa chini kabisa, kimeandikwa “Endelea” bila kueleza mtu anaendelea kwenda wapi. Hakuna aliyehitaji kumwambia mwenye mradi kwamba kazi ina kasoro. Kabla hatujafungua mjadala alikuwa ameshaanza kuandika marekebisho.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili: Mimi humshukuru sana mhakiki anayetaja kipimo. Kuna mradi ulioletwa ukiwa na maandishi ya kijivu juu ya usuli mweupe, na kwenye projekta yalififia, darasa likagawanyika kati ya waliosema yanapendeza na waliosema hayasomeki. Ubishi uliisha mmoja wetu alipopima rangi hiyo, yenye msimbo #777777, akapata uwiano wa mwangaza kati ya usuli na maandishi wa takriban 4.48 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zifikiwe na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, katika kiwango chake cha kati, AA, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Rangi ya #767676 ingefaulu, lakini mwenye mradi alichagua kijivu kizito zaidi, na naamini alifanya vyema, kwa kuwa kufaulu kwa chupuchupu hakumsaidii aliyeketi nyuma.

Mwalimu mwingine: Kwetu kila mtu huandika maoni yake kwenye karatasi kabla ya yeyote kuzungumza, maana akitangulia mwanafunzi anayeheshimika, wengine humfuata. Vilevile tunaweka kipanya kando na kuupitia ukurasa kwa kitufe cha Tab; fomu nyingi zenye sura nzuri hukwama hapo, kwa sababu alama ya kuonyesha sehemu iliyochaguliwa imeondolewa. Wenye madarasa makubwa, mnagawaje muda ili mradi wa mwisho nao uhakikiwe kwa umakini ule ule?