Ulinganisho wa seti za zamani za wanasesere: Barbie, Lundby au Polly Pocket kwa mkusanyaji anayeanza?

KabatiLaKioo

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimeamua kuanza kukusanya seti za zamani za wanasesere pamoja na vifaa vyake vidogo, yaani vitanda, sufuria, taa, viatu na vikombe, na ninaomba mnisaidie kupima njia tatu kabla sijanunua chochote. Ya kwanza ni nyumba za Barbie za miaka ya 1960 na 1970. Ya pili ni nyumba na samani za Lundby kutoka Uswidi. Ya tatu ni vijaluba vya Polly Pocket vilivyotolewa na kampuni ya Bluebird ya Uingereza kuanzia 1989 hadi 1998.

Nafasi niliyo nayo ni kabati moja la kioo ambalo rafu zake zimeachana kwa sentimita 35. Sikusudii kuuza baadaye. Ninachotaka ni seti ambazo mtu anaweza kuzikamilisha, zinazopendeza zikiwa zimepangwa, na ambazo hazitaharibika zikiwa mikononi mwangu. Je, ipi kati ya hizo tatu inamfaa mtu mwenye masharti hayo? Tena, ni afadhali kutafuta boksi ambalo halijafunguliwa, au kununua seti yenye mapungufu na kuijaza kidogo kidogo?

SkeliKwanza

Karibu sana, KabatiLaKioo. Kwa rafu ya sentimita 35, jambo la kuamua mwanzo ni skeli, yaani uwiano kati ya ukubwa wa kifaa na ule wa kitu halisi (1:6 maana yake kifaa ni moja ya sita ya kitu chenyewe), na jina la kampuni litafuata baadaye.

Barbie, aliyezinduliwa na kampuni ya Mattel mjini New York mwezi Machi 1959, ana urefu wa sentimita 29 hivi, na vifaa vyake huhesabiwa kuwa vya skeli ya 1:6. Nyumba yake ya kwanza, ya mwaka 1962, ilikuwa ya kadibodi yenye chumba kimoja, nayo ilikunjwa ikawa sanduku lenye mpini, kwa hiyo ile angalau hufungika na kuwekwa kando. Nyumba ya orofa tatu ya mwaka 1974, yenye lifti inayovutwa kwa kamba, ni habari nyingine kabisa: ikiwa kila orofa inamtosha mwanasesere huyo asimame, basi jengo zima haliwezi kupungua sentimita 87 hata kabla hujahesabu unene wa sakafu. Kabati lako haliiwezi.

Lundby hutumia skeli ya 1:18. Chumba ambacho katika nyumba ya watu kingekuwa na dari ya mita 2.4 hubaki na sentimita 13 tu, kwa hiyo orofa mbili hazifiki sentimita 30, ingawa paa itakubidi umwombe muuzaji alipime. Kijaluba cha Polly Pocket hakina tatizo la nafasi hata kidogo.

Ningependa pia kukuonya kuhusu matangazo yanayosema tu «samani za nyumba ya wanasesere» bila kutaja skeli, kwa sababu picha haionyeshi ukubwa na wauzaji wengi hawaujui. Mwombe muuzaji aweke rula kando ya kiti, kisha utazame kimo cha kikalio kutoka sakafuni. Kiti cha kawaida cha watu kina kikalio cha sentimita 45. Katika skeli ya 1:6 hicho kitakuwa sentimita 7.5, katika 1:12 kitakuwa 3.75, katika 1:16 kitakuwa 2.8, na katika 1:18 kitakuwa 2.5. Utaona kwamba 1:16 na 1:18 zimekaribiana kiasi kwamba macho huvumilia mchanganyiko wake. Ndiyo maana samani za plastiki ngumu za kampuni ya Renwal, ambazo ni za 1:16 na zilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1940 na 1950, zinaweza kukaa chumba kimoja na za Lundby bila kuleta ukakasi mkubwa, ilhali meza ya 1:12 katika chumba hicho hicho huonekana imevamia. Vivyo hivyo, samani za Sindy, mwanasesere wa Pedigree wa Uingereza aliyetoka mwaka 1963, huweza kutumiwa na Barbie.

MtunzajiWaVitu

Nakubaliana na SkeliKwanza kuhusu vipimo. Hata hivyo, KabatiLaKioo amesema hataki vitu viharibike mikononi mwake, na sharti hilo lina uzito kuliko nafasi, maana kila moja ya njia hizo tatu ina ugonjwa wake.

Kadibodi ya nyumba ya 1962 huogopa unyevu, mwanga na vidudu vinavyokula karatasi na gundi. Mikunjo yake ndiyo inayoumia kwanza, na mara nyingi utakuta mtu aliwahi kuibandika kwa selotepu, ambayo miaka ikipita hugeuka rangi ya kahawia na kuacha doa lisilotoka. Ukikuta nyumba ya kadibodi ambayo mikunjo yake imepasuka lakini haijabandikwa, mimi ningeichagua hiyo kuliko ile iliyokwisha «kutengenezwa».

Plastiki nayo si kitu kimoja. Wanasesere wengi wa zamani ni wa vinili laini, na ulaini huo unatokana na kemikali iliyochanganywa ndani yake, ambayo polepole hutoka na kuja juu. Mwili wa mwanasesere ukianza kunata, sababu huwa ni hiyo. Jambo ambalo wakusanyaji wapya hawalitarajii ni kwamba kemikali hiyo hula plastiki ngumu iliyogusana nayo: mwanasesere wa vinili akiachwa amekalishwa juu ya kiti cha polistirini kwa muda mrefu, kiti hulainika na kubaki na alama kana kwamba kimeyeyushwa kwa moto. Kwa hiyo usimkalishe kamwe mwanasesere moja kwa moja juu ya samani. Weka kipande cha karatasi isiyo na asidi katikati. Kwa Barbie wa mwanzo kuna tatizo jingine la hereni za madini, ambazo shaba yake huacha ukijani masikioni, na ukijani huo huendelea kuenea ndani ya vinili hata baada ya hereni kutolewa.

Sponji za mito na magodoro huoza zikawa unga, na hakuna namna ya kuzirudisha. Plastiki nyeupe hugeuka njano kwa mwanga. Watu wengi huing'arisha kwa haidrojeni peroksaidi, nami siwashauri wafanye hivyo kwa kitu wanachokithamini, kwa sababu umanjano hurudi na plastiki inaweza kudhoofika. Kabati la kioo ni zuri dhidi ya vumbi, lakini usiliweke mahali ambapo jua hulifikia.

Kwa mizani ya uhifadhi peke yake, ningeweka Polly Pocket mbele, Lundby katikati, na nyumba ya kadibodi ya Barbie mwisho.

BawabaNdogo

Nimefurahi kuona Polly Pocket anatajwa kwa heshima, maana wengi humdharau kwa sababu ya umri wake mdogo. Chanzo chake kinaeleza kwa nini anakufaa: mwaka 1983 Mwingereza Chris Wiggs alimtengenezea binti yake Kate nyumba ndani ya kijaluba cha poda, na mwaka 1989 Bluebird wakaanza kuuza vijaluba vilivyotokana na wazo hilo. Nyumba, samani na bustani vimeumbwa pamoja ndani ya kifuniko na kitako. Hivyo sehemu kubwa ya seti haiwezi kupotea hata ikipita katika mikono ya watoto wengi. Kinachopotea ni wanasesere wenyewe, ambao hawafiki sentimita 2.5, na vipande vichache vinavyotembea, kama vile gari, farasi au boti. Kila mwanasesere ana kitako cha duara kinachoingia katika matundu ya sakafuni, na wengi hukunjika kiunoni ili wakae.

Unapokagua kijaluba, tazama bawaba kabla ya jambo lingine lolote. Ikiwa kifuniko hakisimami chenyewe au kina mpasuko mweupe karibu na pini, bei yake inapaswa kushuka sana, kwa sababu bawaba hiyo ni sehemu ya plastiki ile ile ya mwili na haibadilishwi kirahisi. Baada ya hapo tazama stika za ndani, kisha wanasesere. Vijaluba vyenye taa vifunguliwe upande wa betri, kwani betri iliyovuja huacha ukoko mweupe unaokula vyuma. Ukoko wa betri za alkali hufutwa kwa pamba yenye siki kidogo, halafu sehemu hiyo ikaushwe kabisa.

Jambo la mwisho kwa upande wangu ni jina. Mattel waliinunua Bluebird mwaka 1998, wanasesere wakaongezwa ukubwa, na mwaka 2018 Mattel wakarudisha vijaluba vipya vyenye sura inayokumbusha vya zamani. Hivyo vipya ni vizuri kwa haki yake, lakini si unavyovitafuta. Hakikisha jina la Bluebird limechongwa kwenye plastiki.

BoksiKamili

Nitakuwa na maneno machache. Kwa mtu asiyejua seti ilikuwa na vipande gani, boksi lisilofunguliwa ndilo jibu. Huhitaji kubishana na muuzaji kuhusu kijiko kilichopotea, picha iliyo juu ya boksi ni ushahidi wa namna kila kitu kilivyopangwa, na stika bado ziko kwenye karatasi yake. Ni kweli kwamba utalipa zaidi mara moja, lakini anayejaza seti kidogo kidogo hulipa gharama ya kutumiwa kifurushi kwa kila kikombe.

MtunzajiWaVitu

Ndugu BoksiKamili, hoja ya ushahidi naikubali. Hoja ya usalama siikubali, kwa sababu boksi lililofungwa halikusimamisha kemia. Nimewahi kufungua seti ambayo haikuwa imeguswa tangu kiwandani, nikakuta raba zilizomfunga mwanasesere zimeyeyuka na kuacha mistari mikononi mwake, na mfuko wa vifaa umegandana na viatu. Mtu aliyeinunua ili aihifadhi ikiwa imefungwa asingeyaona hayo. Tena KabatiLaKioo anataka kuzipanga seti zake zitazamwe, na seti iliyofungwa haipangiki. Kwa hiyo namshauri anunue seti iliyofunguliwa lakini yenye karatasi ya maelekezo au kijitabu cha mtengenezaji. Mattel walikuwa wakiweka vijitabu vidogo vya mitindo pamoja na wanasesere wa miaka ya 1960, vyenye picha za mavazi na vifaa vyake, na kijitabu kimoja cha namna hiyo husaidia kutambua vitu vingi kuliko boksi moja.

FunguLaMezani

Ninaongeza njia ambayo haijatajwa, nayo ni kununua mafungu ya mchanganyiko, yaani mfuko mzima wa vikorokoro vilivyotoka katika nyumba moja ambayo watoto wake wamekua. Mimi hukusanya hivyo tu, na furaha yangu kubwa iko katika kuvitambua. Bei ya kipande huwa ndogo, na vikombe, vibanio vya nguo na viatu ambavyo haviuzwi peke yake hupatikana humo.

Ila utambuzi unahitaji uangalifu. Mwaka uliochongwa kwenye plastiki mara nyingi ni mwaka wa haki za ubunifu au wa kalibu, wala si mwaka wa kutengenezwa. Kuna wanasesere wa Barbie wenye alama ya 1966 mgongoni waliouzwa miongo mingi baada ya hapo. Ukiona tangazo linaloegemea mwaka huo peke yake, usiliamini bila ushahidi mwingine, kwa mfano nchi iliyoandikwa. Viatu vya Barbie vya miaka ya mwanzo vingi vina neno «Japan» kwenye soli, na neno hilo limewasaidia wengi kutenganisha kiatu cha asili na cha kuigiza. Samani za Renwal zina jina na namba chini yake, jambo linalozifanya ziwe rahisi kuliko zote kwa anayeanza. Kumbukeni pia kwamba Mattel wenyewe walitoa upya Barbie wa 1959 mwaka 1994, kwa hiyo kufanana na wa kwanza hakutoshi kuwa uthibitisho.

Iwapo kuna watoto nyumbani, vifaa hivi visiwe vya kuchezewa. Vingi vinamezeka, na rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi.

KabatiLaKioo

Nawashukuru nyote kwa kunipa majibu mapana kuliko nilivyouliza. Nyumba za Barbie naziacha, kwa sababu ya rafu na kwa sababu ya kadibodi. Moyo wangu unaelemea Lundby, kwani napenda vyumba vinavyoweza kupangwa upya, na katika kijaluba cha Polly Pocket kila kitu kimeshapangwa na mtengenezaji. Kinachonitia wasiwasi ni taa. Je, mfumo wa umeme wa nyumba hizo ni salama, na je, taa isiyowaka inafaa kununuliwa?

TaaYaSebuleni

Ndugu KabatiLaKioo, taa ndizo zilizoifanya Lundby ipendwe tangu zamani. Kampuni hiyo ilianzishwa Göteborg mwaka 1947 na Grete na Axel Thomsen, na taa zake ndogo za dari na za mezani zinawaka kwa volteji ndogo kupitia transfoma. Nyaya za ndani ya nyumba hazina hatari kubwa, lakini transfoma ya zamani inayochomekwa ukutani ina hatari, kwa sababu mpira unaofunika nyaya zake hukauka na kupasuka. Iweke kama sehemu ya mkusanyo, usiichomeke. Soma volteji iliyoandikwa juu yake, kisha tafuta transfoma mpya yenye volteji hiyo hiyo.

Taa isiyowaka inafaa kununuliwa ikiwa waya wake haujakatwa karibu na plagi na kivuli chake ni kizima, kwa kuwa mara nyingi kilichokufa ni balbu au mguso wenye kutu. Taa yenye kivuli kilichoyeyuka iache, hata ikiwaka. Kivuli kilichoyeyuka humaanisha kwamba mtu aliwahi kutumia balbu yenye nguvu kupita kiasi, na joto hilo huenda limefika mpaka kwenye waya.

Anza na nyumba tupu yenye nyaya zilizokamilika, hata kama haina samani hata moja. Samani za Lundby zilitengenezwa kwa wingi na utazipata katika mafungu kama yale aliyoyaeleza FunguLaMezani. Nyumba ambayo nyaya zake zimeng'olewa, kwa upande mwingine, itakulazimu ubandue karatasi za ukutani ili kuzirudisha, na karatasi hizo za asili ndizo zitakazokupa taabu kuzipata. Kabla ya kulipa, omba picha ya ukuta wa nyuma ukiwa umegeuzwa upande wa kamera, pale nyaya zinapoingia.