Hii piano inasikika kama imefunikwa blanketi, wanafanyaje?

kinanda_Mza: Wakuu habari za jioni. Napiga kinanda kwaya ya kanisani huku Mwanza, juzi mtu kanitumia klipu ya muziki mtupu hauna mwimbaji, piano taratiiibu na fidla kwa mbali, wanaita sijui niyoklasiki. Sasa kilichoniua ni hiyo piano, haina ule mlio mkali niliouzoea, kama mtu kaitupia blanketi, halafu ukivaa hedifoni unasikia kabisa tok tok ya mbao vidole vikishuka na mpigaji anavuta pumzi. Nimejaribu kwenye kibodi yangu nikapunguza volyumu weee, inakuwa piano ileile ila ya chini tu. Wanafanyaje?

mzee_wa_nyuzi: Mkuu hujakosea, imefunikwa kweli. Ndani ya piano kila noti ina nyundo inayogonga waya, sasa hawa wanapitisha kitambaa cha sufu katikati hapo, mlio unatoka umefifia. Piano nyingi za kusimama zina pedeli ya katikati inayoshusha hicho kitambaa, ni ya watu wa mazoezi ya usiku wasigombane na majirani. Na Nils Frahm, mpiga piano wa Ujerumani, kisa chake ndo hicho hicho, alikuwa Berlin anaogopa kusumbua majirani, mwisho kanogewa na ile sauti akatoa albamu nzima 2011, Felt, yaani jina la kitambaa chenyewe. Na kwa vile mlio ni mdogo maiki inabidi iingizwe ndani kabisa karibu na nyundo, ndo maana unasikia mpaka pumzi. Kwa hiyo volyumu haikusaidii, piga laini urekodi kwa karibu.

pasua_kichwa: Nirekebishe kidogo, niyoklasiki yenyewe ni ya kina Stravinsky, yule mtunzi wa Kirusi, miaka ya 1920, hii ya kwenye klipu wameazima jina tu

mzee_wa_nyuzi: Haya profesa 😂

fidla_unguja: Upande wa fidla niacheni miye. Kwetu kwenye taarab fidla inamjibu mwimbaji, inapambwa, lazima isikike. Hao wanabana kidude cha mpira kwenye kile kibao kinachobeba nyuzi, halafu uta wanautelezesha huku karibu na shingo na kidole hakitetemeshwi, ndo inatoka kama mtu anahema. Nimejaribu nyumbani mama akauliza leo fidla inaumwa?

dramu_tu: Na Ólafur Arnalds wa Iceland, huyu wa piano za kubembeleza, alianzia kwenye dramu za bendi za makelele lol

kinanda_Mza: Aisee asanteni sana. Mzee wa nyuzi umenikumbusha kitu, stoo ya kanisa kuna piano ya kusimama ya zamani ina pedeli tatu, ile ya kati ukiikanyaga sauti inapotea, tukajua mbovu tukaifunga na kamba isiguswe. Kesho naenda kuifungua.